Sio mafuta tu, ni mizunguko

Ndugu mwandishi umesema mlio wa ekzosi kwenye gari za spoti za zamani unabadilika kwa vile injini inakula mafuta mengi, hapana, mafuta yanaongeza kelele ila wembamba wa sauti unatokana na kasi ya mizunguko ya injini. Chukua Datsun 240Z, ile iliyobeba ushindi wa mbio za Safari Rally 1971 na 1973, ina silinda 6 na kila silinda inawaka mara 1 kwa mizunguko 2, kwahiyo injini ikizunguka 3,000 kwa dakika ekzosi inapokea mipigo 150 kila sekunde, piga resi mpaka 6,000 inakuwa 300, hapo mngurumo unageuka kilio kabisa. Halafu urefu wa bomba la ekzosi haubadiliki, sasa ikifika mizunguko fulani linaitikia lenyewe kama filimbi na sauti inajaa ghafla. Sisi wa Iringa tunasikia hii kwenye mlima Kitonga kila siku, dereva anashuka kutoka gia ya 4 kwenda ya 3, spidi ileile, mafuta hajakanyaga, lakini mlio unaruka juu hapohapo. Aisee zile V8 za Marekani, injini za silinda 8 zilizopangwa umbo la V, 4 kila upande, ndo habari nyingine, kila upande wa injini unapiga kwa kupishana kusiko sawa ndo maana zinabwatabwata hata zikiwa sailensa, yaani injini inazunguka taratibu bila kukanyaga mafuta.