Natenga taka, wanazichanganya

Kila Jumamosi natenga: maganda ya ndizi na viporo kwenye ndoo, chupa za maji kwenye kiroba. Gari linakuja, kijana anabeba vyote na kuvimwaga pamoja, safari ya dampo la Pugu Kinyamwezi, hapa Dar es Salaam. Nikamuuliza, akacheka: "Mama, bosi analipwa kwa nyumba, halipwi kwa chupa."

Na kweli! Ada yangu ni ileile, niwe na kiroba kimoja au vitano. San Francisco, Marekani, kampuni ya kuzoa taka imewahi kuwekewa nyongeza ya pesa ikipunguza kinachokwenda dampo. Hapa anayepunguza ni muokota chupa, hana mkataba, hana hata glavu, na mbwa wa jirani wanamkimbiza. Halafu risiti yangu ya mwezi imegongwa muhuri: "Tunza Mazingira". Nani, mimi?