Mwaloni Imewavuta Wageni, Vyuo Vyetu Bado

Anayefika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kabla jua halijawa kali, hukuta magunia ya dagaa na mizigo ya kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, ikipangwa tayari kwa safari ndefu. Akitega sikio, atasikia Kiswahili cha namna nyingi: cha kwetu Usukumani, cha Bujumbura, na kile cha mashariki ya Kongo ambacho watu wa Bukavu hukua nacho. Wafanyabiashara hao hawakuandikiwa barua ya mwaliko wala hawakuona tangazo lolote barabarani. Wanakuja kwa sababu ziwa letu, Viktoria, lina kitu wanachokihitaji, na kwa sababu wakifika wanapokelewa, wanapimiwa mzigo, wanalipa na kuondoka. Nimelitazama soko hilo kwa miaka mingi, na kila mara najiuliza kwa nini jambo ambalo wauza dagaa wamelimudu limevishinda vyuo vikuu.

Mwishoni mwa mwaka 2022, miezi michache baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mama mmoja wa Bukavu ambaye tumefahamiana hapo sokoni aliniuliza, "Mwalimu, binti yangu anakaribia kumaliza sekondari. Huku kwenu si kuna vyuo? Kwa nini nimpeleke mbali?" Mimi nilifundisha sekondari hadi nilipostaafu, na sasa ninapangisha vyumba vinne kwa wanafunzi huku Nyegezi, kwa hiyo niliamini jibu ninalo. Nikamwambia amlete.

Binti alifika mwaka uliofuata, akiwa na bahasha ya kaki aliyoifunga kwa mpira ili vyeti visidondoke. Cheti chake cha kumaliza sekondari kiliandikwa kwa Kifaransa na matokeo yake yalikuwa kwa asilimia, si kwa madaraja tuliyoyazoea. Kilipaswa kutafsiriwa, kisha kulinganishwa na vyeti vya hapa, kisha ndipo udahili uendelee, na kibali cha ukaazi nacho kingoje barua ya udahili. Ofisi moja ilimwelekeza kwenye nyingine, na hiyo nyingine ikamrudisha alikotoka kwa sababu tafsiri haikuwa na muhuri unaotakiwa. Kuanzia Oktoba hadi Februari aliishi katika chumba changu cha pili bila kuwa mwanafunzi wa mahali popote, akinakili kila jioni daftari la mwenzake wa chumba cha tatu ili akipokelewa asiwe nyuma. Hakupokelewa mwaka ule. Alianza masomo mwaka uliofuata, na mama yake alikuwa amelipa kodi ya miezi sita mara mbili kabla binti hajaketi darasani hata siku moja.

Nataka niseme kwa haki kwamba katika safari hiyo yote hakuna aliyemtukana wala kumdai rushwa. Kila aliyemhudumia alikuwa mpole. Kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuijua njia nzima ya faili lile, tangu mpakani hadi darasani, na kumweleza binti siku ya kwanza kwamba leta hiki, subiri siku hizi, kisha nenda pale.

Makaratasi ya viongozi hayana upungufu huo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza kwamba Jumuiya ni eneo la pamoja la elimu ya juu, ambamo mwanafunzi anapaswa kuhama na masomo yake kutoka nchi moja hadi nyingine huku vyeti vyake vikitambulika. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limekuwa likiifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini tangazo la wakuu wa nchi halijashuka hadi kwenye meza ambayo binti yule alisimama mbele yake na bahasha yake.

Tunapozungumzia wanafunzi wa kimataifa, nadhani picha inayotujia ni ya kijana wa Ulaya mwenye begi mgongoni na ada ya dola mkononi. Duniani kuna wanafunzi zaidi ya milioni 6 wanaosoma nje ya nchi zao, na wengi wao huelekea nchi tajiri, huku Afrika kusini mwa Sahara vijana wapatao 9 tu katika kila 100 wa umri huo wakipata elimu ya juu. Tukitaka kugombea mgeni huyo wa mbali kwa kushindana na London au Toronto katika majengo na maabara, tutachelewa sana. Mgeni wetu wa kwanza yuko ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya mpaka. Anajua Kiswahili, anakula dagaa wetu, na mama yake tayari anakuja hapa kila baada ya miezi miwili.

Hata jirani hatakuja kwa ukaribu tu. Chuo huvuta wageni pale kinapokuwa na swali kubwa ambalo linajibiwa hapo kuliko kwingine kokote. Historia yetu wenyewe inatufundisha hilo. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria, bila eneo lake mwenyewe. Kabla muongo ule haujaisha, Yoweri Museveni alikuwa ametoka Uganda kuja kusoma hapo, na mwanahistoria Walter Rodney alikuwa ametoka Guyana, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, kuja kufundisha. Hawakufuata mabweni mazuri. Dar es Salaam ulikuwa mji wa ukombozi, mji ambamo FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa mwaka 1962, na aliyetaka kuelewa namna Afrika itakavyojikomboa alijua kwamba hoja hiyo inachambuliwa Mlimani, kwenye chuo hicho, usiku na mchana. Swali lilimleta, na chuo kikampa mahali pa kukaa.

Swali la Mwanza ni ziwa. Eneo lake ni takribani kilomita za mraba 68,800, limegawanywa kati ya nchi tatu, na mambo yaliyotokea ndani yake katika muda wa maisha ya mtu mmoja hayana mfano. Katika miaka ya 1950 sangara alipandikizwa humu. Ziwa lilikuwa na furu wa mamia ya aina, samaki wadogo ambao wazee wetu waliwavua bila kujua kwamba wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wameenea, na aina nyingi za furu zikatoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, yakaanza kusafirishwa hadi Asia, gugu maji likafunika ghuba, na kijiji ambacho zamani kilikula samaki wote kiliowavua kikaanza kununua vichwa na mifupa. Humo ndani kuna somo la baiolojia, la uchumi, la sheria za kimataifa, la afya na la historia, yote katika maji yaleyale.

Wageni walilitambua swali hili kabla yetu. Mwaka 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza, na kazi yao ndiyo inayotuwezesha leo kujua nini kilikuwepo kabla hakijapotea. Halikadhalika, utafiti uliofanyika katika vijiji vya mkoa huu na matokeo yake kutolewa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Madaktari wa nchi nyingi wamesoma kuhusu Mwanza kwa sababu ya utafiti huo. Ninaumia ninapofikiri kwamba kijana wa Kisumu au wa Entebbe anayetaka kulichunguza ziwa lake mwenyewe anaweza kutamani zaidi kwenda Ulaya, akasome kwenye majedwali yaliyokusanywa mbele ya mlango wetu.

Misingi ipo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kimetokana na taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa Nyegezi mwaka 1960. Bugando kuna chuo kikuu cha afya kilicho bega kwa bega na hospitali yenye vitanda zaidi ya 900. Mafunzo ya uvuvi yapo Nyegezi, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo hapa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Kagera, na Butiama kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere, yeye mwenyewe mtoto wa upande huu wa ziwa aliyekwenda Makerere mwaka 1943 kusoma nchi ya jirani. Tangu Juni 2025 basi linalotoka Rusumo, mpakani mwa Rwanda, kupitia Geita halisubiri tena kivuko pale Busisi, bali linapita juu ya daraja.

Najua wapo wanaoona njia nyingine ni fupi zaidi, yaani kuwaalika wenye jina kubwa waje na tawi lao, kama ilivyofanyika Zanzibar mwaka 2023 pale chuo cha teknolojia cha Madras kutoka India kilipofungua kampasi. Sina ubishi na hatua ile. Lakini jina la kuazima haliwezi kufanya kazi ya Bugando, wala halitamfundisha mtu yeyote ni kwa nini dagaa wamepungua mwaka huu.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni la wazazi wenzangu: watoto wetu wenyewe wanakosa nafasi na mikopo, tutawapaje wageni? Ni hoja nzito na haistahili kupuuzwa, hasa katika udaktari, ambako idadi ya wanafunzi lazima ilingane na wagonjwa na wakufunzi waliopo. Chuo kinachopokea ada ya mgeni kisha kikasongamanisha ukumbi bila kuongeza mhadhiri kinamdhulumu mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Ndiyo maana naona ni kosa kumfanya mwanafunzi wa Burundi au Kongo kuwa chanzo cha dola. Huyu wa ndani ya Jumuiya alipe anacholipa Mtanzania, na idadi yao ipangwe kwa uwezo wa maabara na wodi, si kwa tundu lililopo kwenye bajeti.

Jambo la lugha nalo linanigusa kwa sababu nililiona chumbani kwangu. Binti wa Bukavu aliongea Kiswahili na majirani tangu jioni ya kwanza, lakini mihadhara ni ya Kiingereza na yeye alisomeshwa kwa Kifaransa. Wiki za mwanzo alikuwa akiandika kila neno lililomshinda pembeni mwa daftari, kisha anakuja jikoni kuniuliza. Miezi mitatu ya Kiingereza kabla ya muhula ingemwondolea mateso hayo, na si gharama kubwa kwa chuo chenye walimu wa lugha. Upande wa pili, Kiswahili chake ni mtaji ambao hatuutangazi. Mtanzania anayesomea udaktari China hulazimika kujifunza Kichina ili amwulize mgonjwa anaumwa wapi, ilhali Mrundi mwenye Kiswahili akisimama kando ya kitanda Bugando anaweza kuuliza na kuelewa jibu siku hiyohiyo.

Nasi wenye nyumba hatuna budi kujirekebisha. Nimeshuhudia mtaani kwetu chumba kilekile kikipandishwa bei pindi mpangaji akisikika ana lafudhi ya nje, na luku, yaani malipo ya umeme, ya nyumba nzima ikigawanywa ili yeye abebe sehemu kubwa. Mzazi aliye mbali hupima mji mzima kwa namna mwanawe alivyopokelewa na mwenye nyumba, kabla hajapima ubora wa mhadhiri.

Binti sasa anaandaa utafiti wake wa kumalizia shahada ya biashara. Amechagua bei ya dagaa kutoka Mwaloni hadi Bukavu, na mezani kwake kuna daftari la mama yake lenye madoa ya mafuta, ambalo lina hesabu ya magunia, nauli na ushuru wa kila mpaka tangu mwaka 2014. Mji wao uliingia mikononi mwa waasi Februari 2025, na mdogo wake wa kiume, ambaye ana mwaka mmoja tu wa sekondari uliobaki, ameuliza kama naye anaweza kuja. Nimemjibu mama yao kwamba chumba cha nne kipo, na kwamba mara tu cheti kitakapotoka akitume kwangu, nianze mimi mwenyewe kukipeleka kutafsiriwa mapema, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.