Mapango ya Karura: tuyafunge au tuyaache wazi?

Ukizungumza na wapenzi wa msitu wa Karura, hapa Nairobi, kuhusu yale mapango yaliyo karibu na maporomoko ya maji, hutakosa kusikia maoni mawili. Wapo wanaotaka lango la chuma lenye kufuli, watu wachungulie tu kutoka nje. Na wapo wanaosema msitu ni mali ya umma, hivyo kumzuia Mkenya asiingie mahali walipojificha wapiganaji wa Maumau miaka ya 1950 ni kumfichia historia yake. Pande zote zina hoja. Kasoro ni kwamba hoja nyingi zimeazimwa kwenye mapango yasiyofanana na yetu.

Watetezi wa kufunga hukimbilia Lascaux, kule Ufaransa. Pango hilo lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, likawa linaingiza hadi watu 1,200 kwa siku. Pumzi zao, joto la miili na mwanga wa taa vikaanza kuharibu michoro ya kale kutani, na mwaka 1963 likafungwa. Tangu 1983 watalii huonyeshwa nakala. Ni onyo la kweli, ila linahusu mawe ya chokaa yenye michoro juu yake. Maji yaliyobeba hewa ya ukaa huyeyusha chokaa, kisha yakidondoka pangoni huiacha tena kidogo kidogo. Ndivyo zilivyoota zile stalaktiti, yaani nguzo za mawe zinazoning'inia kwenye dari la pango, ambazo wengi wetu tumeziona Amboni, Tanga. Umati ukijazana ndani na kupumua, mwenendo huo wa kemia unavurugika.

Nairobi imekaa juu ya kitu kingine kabisa: matabaka ya lava, na jivu la volkano lililoshikamana likawa jiwe. Fundi aliyewahi kupanga mawe ya kujengea ya Ndarugo analijua jiwe la jivu. Hulichonga kwa nyundo na patasi, na hata msumari huacha alama juu yake. Kwa mwamba wa aina hii, pumzi ya mgeni haitishi sana. Cha kuogopwa ni mkono wake. Na hapa ndipo wanaosema “pango ni jiwe tu, litadhurika vipi” wanapokosea vibaya. Kwenye chokaa, stalaktiti iliyovunjwa huenda ikaota tena baada ya maelfu ya miaka. Kwenye jiwe la volkano hakuna kinachoota. Kijana akikwaruza jina la mpenzi wake Jumapili alasiri, litakaa hapo mpaka ukuta wenyewe umeguke, hata kama mapenzi yalikwisha Jumatatu.

Hata hivyo sikubaliani na kufuli kwa pango zima. Wageni hawaendi Karura kutafuta michoro ya kale. Thamani ya mapango yale ni kuingia, kuzima tochi ya simu, kuhisi unyevu na giza, na kufikiria mtu akilala humo huku askari wa mkoloni wakimsaka nje. Mtoto wa shule akisimama nyuma ya nondo ataona shimo tu, kisha ataulizia kiosko kiko wapi.

Hoja nzito zaidi ya kufunga huwa haitajwi sana, nayo ni popo. Mwaka 1980 na tena 1987, watu waliokuwa wamezuru pango la Kitum, Mlima Elgon, waliugua Marburg, homa hatari inayosababishwa na virusi. Yule wa 1980 alifia hapa Nairobi, na daktari aliyemhudumia akaambukizwa, ingawa alipona. Virusi hivyo vinahusishwa na popo wa matunda wanaoishi mapangoni. Si kila pango lenye popo ni hatari, na kuwatia watu hofu ya kila kiumbe chenye mabawa ni ujinga. Lakini kumsumbua popo mahali anapolala hakumfaidi yeye wala mgeni. Popo wakiwa wamekaa sehemu ya ndani, sehemu hiyo izibwe kwa nondo za chuma zilizolazwa mlalo, zilizoachana kiasi cha wao kupita wakiruka. Sehemu ya mbele ibaki wazi.

Wazo la kuweka taa za umeme ili “papendeze” ndilo nisilolikubali hata kidogo. Palipo na unyevu, taa ya kudumu huotesha mwani na vimea vidogo ukutani, na kuvisugua ni kuondoka na jiwe lenyewe. Tochi inatosha.

Kinachokosekana ni mtu. Kule Mlima Suswa, kwenye mapango yaliyobaki lava ilipoganda juu huku ikiendelea kutiririka chini, wageni huzungushwa na waelekezi wa Kimaasai wa eneo hilo, na msumari hautoki mfukoni mwenyeji akiwa ametazama. Karura tayari hutoza kiingilio. Sehemu ndogo ya fedha hizo ingelipa mwelekezi wa kukaa pangoni wikendi na likizo za shule, wakati umati unapofurika, akaingiza watu kwa makundi madogo na kuwazuia kabisa mvua kubwa inaponyesha na mawe kulegea. Siku za kawaida za wiki, askari wa msitu wapitie hapo kwenye doria zao.