Kidole Nacho Hudanganyika

Kama una kompyuta ya MacBook Air au Pro ya miaka ya karibuni, izime kabisa kisha bonyeza ile padi ya chini ya kibodi. Kimya. Ni kama kubonyeza meza. Iwashe, mbofyo unarudi. Padi haishuki kama kitufe. Chini yake kuna sumaku za umeme zinazoitikisa pembeni kidogo tu, na kidole kiko tayari kuapa kwamba kimebonyeza kitu. Nilipogundua hilo niliizima na kuiwasha mara tatu, kama mtoto aliyeachiwa swichi ya taa.

Ndiyo maana zile glavu nzito, zenye nyaya na mota kwenye kila kidole ili ushike chungwa la kwenye kompyuta, naziona ni kujitwisha mzigo wa bure. Kuzivaa tu ni shughuli. Mkono haudai chungwa zima.

Mwaka 2001 watafiti Gabriel Robles-De-La-Torre na Vincent Hayward walichapisha jaribio lao katika jarida la sayansi la Nature. Kidole cha mtu kilipitishwa juu ya kishimo, huku kifaa kikikisukuma mlalo kwa namna ya kilima: kwanza kinakizuia kama mtu anayepanda, halafu kinakisukuma mbele kama anayeteremka. Watu wakasema wamegusa kilima. Kidole kinashuka shimoni, mwenye kidole anasema amepanda! Miaka ya nyuma kidogo, mtafiti Margaret Minsky alikwishawafanya watu wahisi mkwaruzo wa msasa kwa joistiki, kile kijiti cha kuchezea michezo ya kompyuta, inayosukuma mlalo tu.

Kwa hiyo umbo danganya utakavyo. Usichoweza kuchezea ni muda. Jicho linatosheka na picha 60 kwa sekunde. Mkono unataka kompyuta ipige hesabu ya nguvu ya kuusukuma mara zipatazo 1000 kwa sekunde. Chukua vile vifaa vya kalamu iliyofungwa kwenye mkono wa mota, ambavyo Thomas Massie na Kenneth Salisbury walivianzisha katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ambavyo aina zake za leo wanafunzi wa udaktari wa meno huzitumia kujifunza kutoboa jino. Ukuta wa kubuni unaougusa kwa kalamu hiyo ni springi ya hesabu: ncha ikizama kidogo, mota inairudisha kidogo, ikizama zaidi, inairudisha kwa nguvu zaidi. Hesabu ikichelewa, ukuta unaanza kutetemeka kama bati lililolegea, na uongo wote umeumbuka. Fedha za glavu ningezihamishia hapo.

Ila nakiri kuna mtu mmoja ambaye mbinu hizi hazitampata. Mama yangu hanunui kitenge kabla hajakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakikunja ngumini, akakiachia, akatazama mikunjo. Muuzaji anaapa ni pamba tupu. Mama anakirudisha mezani bila kusema neno.