Kabati Lililofuata Ukuta

Ugomvi wangu wa kwanza katika nyumba mpya niliuanzisha na mtu asiye na kosa: seremala. Alileta kabati, tukalisukuma hadi ukutani. Chini likagusa, juu ngumi yangu ikapita bila hata kukwaruzwa. Nikamwambia kabati lake lina kibiongo.

Hakujibu. Alitoa pima maji akaiegemeza kwenye kabati. Kipovu kikatulia katikati kana kwamba kimepigiliwa msumari. Akaihamishia ukutani, kipovu kikakimbilia pembeni kujificha.

"Bosi, ukuta wako umelala."

"Ukuta ni tofali na saruji, kabati ni mbao," nikamjibu. "Nani amfuate mwenzake?"

Akanitazama kidogo, akachukua msumeno, akakata miguu ya nyuma. Kabati likaegemea ukuta kwa raha zake. Nikajisifu sana.

Usiku nikawasha taa ya ukutani, ile ya kumwaga mwanga kuelekea chini. Mchana kutwa ukuta ulikuwa ukuta tu. Chini ya taa ile kila kibonde kikatoa kivuli chake: hapa mlima, pale korongo, na karibu na swichi tumbo la mimba ya miezi saba. Mama mkwe alipita, akapapasa, akauliza kwa huruma, "Mwanangu, hapa paliumwa na nyuki?"

Nikamwita fundi aliyepiga lipu. Akafumba jicho moja, akachungulia.

"Bosi, lipu haina shida. Shida ni taa."

Akaizima. Kweli, shida ikaisha. Akaniambia hata hivyo rangi itaficha. (Nisimwonee: kabla ya kuanza aliniomba siku mbili za kubandika vidoti vya kupimia unene, nami kwa haraka zangu nikamwambia fundi mzuri ana macho. Basi akatumia macho.)

Nikapaka rangi ya mafuta, inayong'aa. Jamani, rangi inayong'aa haifichi kitu, inapiga mbiu! Lile tumbo sasa likawa na mng'ao wa afya.

Hapo nikaamua kujifanyia mwenyewe. Nikachanganya mchanga na saruji, nikaupandisha ukutani juu ya ileile rangi, unene wa vidole vitatu, nikavuta rula, nikarudi nyuma kujitazamia. Ulinyooka! Nikalala usingizi wa mtu aliyeokoa pesa ya fundi.

Saa nane usiku, kishindo.

"Baba nanii, wezi!"

Nilitoka na mwiko mkononi, silaha pekee niliyoipata. Lipu yote ilikuwa imeteleza kama blanketi na kuvilalia viatu vyangu vya kazini. Ukuta wenyewe uling'aa vilevile, hauna hata mkwaruzo, tumbo liko palepale.

Fundi wa pili alicheka kwanza, ndipo akafanya kazi. Akakwangua rangi, akachimba ukuta kwa patasi ili lipu ipate pa kushika, akalichonga lile tumbo, akamwagia maji. Kisha timazi ya kuusimamisha ukuta wima, uzi na vidoti, vile vile vidoti. Penye shimo refu alipiga tabaka mbili, kila moja isizidi milimita 15, ya pili baada ya ya kwanza kushika. Akaniachia kazi moja: kumwagilia kwa siku 7. Nilimwagilia kama mche.

Siku ya 8 nikawasha taa. Hakuna mlima. Nikapapasa kwa kiganja, nikamwita mama mkwe naye apapase.

Tukarudisha kabati. Juu likagusa. Chini, ngumi yangu ikapita. Milango nayo, kwa kuwa kabati limelala chali, ikawa inajifunga yenyewe, na kila nikichukua shati inanipiga kisogoni.

Nikamwita seremala kwa sauti ya upole ambayo hajawahi kuisikia kwangu. Akafika, akatazama ukuta, akatazama kabati, pima maji hakuitoa kabisa. Akatia mkono mfukoni akatoa vipande viwili vya mbao.

Miguu yangu. Alikuwa ameitunza.