Lori la Nyuki Likipinduka Barabara ya Lindi, Tutamwita Nani?

Mwishoni mwa Mei 2025, katika Kaunti ya Whatcom, jimbo la Washington nchini Marekani, lori lililobeba takriban tani 32 za mizinga lilipinduka, na nyuki wakatoka kwa mamilioni. Polisi wa kaunti walitangaza kwanza kuwa nyuki hao walikuwa milioni 250, kisha hesabu ikashushwa hadi milioni 14, kosa ambalo mimi nawasamehe, kwa kuwa hakuna ambaye angesimama pale kuwahesabu. Kilichonivutia ni namna tukio lenyewe lilivyoshughulikiwa: barabara ilifungwa, wafugaji nyuki wengi wakaja kusaidia, masanduku yakasimamishwa upya, na nyuki wakaachiwa muda wa kurudi mizingani kwa malkia wao.

Msomaji wa Lindi au Mtwara anaweza kusema kwamba hayo hayatuhusu, kwani mzinga wa Liwale hutundikwa mtini na haupandi lori. Kwa leo ni kweli. Lakini Marekani mizinga husafirishwa kwa sababu ya mazao, na kila Februari mizinga zaidi ya milioni moja hupelekwa California kuchavusha milozi. Sisi tuna mikorosho, nayo huchanua kuanzia katikati ya mwaka na huhitaji wadudu ili maua yashike tunda. Siku mkulima wa Masasi au Nachingwea atakapoona faida ya kukodi mizinga kwa msimu (na ataiona, mradi apangilie vyema upuliziaji wa viuatilifu), nyuki watapita Nangurukuru na Mingoyo pamoja na malori mengine yote.

Hofu yangu kubwa ni watu, kuliko hata nyuki. Gari la mizigo likianguka, sisi hukimbilia lilipo, wengine kuokoa na wengine kuokota, na yaliyotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, pale lori la mafuta lilipolipuka na watu zaidi ya 100 kupoteza maisha, yanajulikana kwa kila mtu. Nyuki wetu ni wakali kuliko wale wa asili ya Ulaya wanaofugwa Marekani, na kila anayeuma huacha harufu inayowaita wenzake, hivyo anayesimama kupungapunga mikono hujizidishia maadui. Anayeshambuliwa akimbie bila kusita, ajifungie ndani ya nyumba au gari, na asitumbukie majini.

Zimamoto wakifika peke yao watatumia walichonacho, yaani maji na povu, ambavyo huua nyuki wengi na kumwachia mwenye mizinga hasara tupu. Mrina asali mwenye bomba la moshi na vazi la wavu anajua kwamba kazi ya namna hiyo husubiri giza, nyuki wakiwa wametulia. Kwa hiyo napendekeza kila kituo cha polisi kilicho kando ya barabara kuu kiwe na namba za simu za warina asali wa karibu, na mizinga isafirishwe usiku tu, ikiwa imefunikwa wavu, huku dereva na utingo wakiwa na mavazi ya kujikinga. Malipo ya warina watakaoamshwa usiku wa manane yatoke kwa mwenye mzigo, na yaandikwe katika kibali cha safari kabla lori halijawashwa.