Picha ya Mpita Njia wa Kampala Si Wizi

Rafiki yangu hupiga picha za barabarani, nyeusi na nyeupe, bila kumpanga mtu. Mwezi jana, kwenye Luwum Street, alimpiga picha mama aliyebeba beseni la ndizi kichwani, mkono mmoja ukishika ukingo wa beseni, mwingine umeshika kiatu kilichokatika mkanda. Watu wakamzingira rafiki yangu: futa, huo ni wizi, unakwenda kumuuza kwa Wazungu! Akafuta.

Nawaelewa waliomzingira. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda inalinda faragha, na sheria ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data inasisitiza ridhaa. Tena kuna suala la riziki. Januari 2022 KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, iliwaondoa wachuuzi barabarani, na tangu hapo picha ya mtu na bidhaa zake inaweza kumponza. Mpigapicha asiyelijali hilo aache kamera nyumbani.

Kinachonikera ni hilo neno wizi, maana picha kama ile hututunzia kumbukumbu. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la taifa, UBC, ziligunduliwa negativu, yaani filamu za picha, zipatazo 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin. Baadhi zilioneshwa Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Elfu sabini! Lakini waliozipiga walikuwa waajiriwa wa serikali, wakifuata msafara wa rais, magwaride, mikutano na wageni rasmi. Kila nikiifikiria hesabu hiyo namtafuta mama wa beseni wa mwaka 1974. Sukari ilipoadimika, alirudi nyumbani na nini mkononi? Alivaa viatu gani siku isiyo na sherehe? Aliwatazamaje askari wa kona ile? Picha za studio haziwezi kutujibu, maana huko watu walikwenda wakiwa wamejipamba, wakasimama walipoelekezwa. Mji wenyewe, ukitembea na mawazo yake, haukuwa na wa kuutunzia kumbukumbu.

Wengine hulalamikia kukosekana kwa rangi, kwamba mji unaonekana maskini na wa zamani. Kwa gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, nakubali, kuinyima rangi yake ni hasara kweli. Ila simama Old Taxi Park, kituo cha teksi za abiria, saa saba mchana, uone mabango ya simu yanavyomeza nyuso za watu. Rangi ikitoka, macho yanakwenda kwenye shingo ya mchukuzi iliyokaza mishipa chini ya gunia, na kwenye kivuli chake kifupi kilichomganda miguuni.

Kwa hiyo mpigapicha apige kwanza, kwa sababu anayeambiwa anapigwa picha hubadilika papo hapo. Kisha amfuate mtu, amwoneshe, na akikataa, afute mbele yake. Picha isiende kwenye tangazo la biashara bila ridhaa yake, na ya mchuuzi isitolewe ikiwa itamletea askari wa jiji.

Siku ile rafiki yangu hakupewa nafasi hiyo. Alipomaliza kufuta alimtafuta yule mama, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Alikuwa ameshavuka barabara, kiatu bado mkononi.